Mishale ya Jahiliya na Mkeka wa Simu



Katika somo letu la fiqhi kuna swali linalorudi kila mara, hasa kutoka kwa ndugu wanaosoma sheria na kompyuta, na si swali la kubezwa. Ikiwa kampuni ya kubeti ina leseni, serikali inaikagua na mitambo yake imepimwa isimwibie mchezaji, uharamu unabaki wapi? Kwani kamari haikukatazwa kwa sababu ya udanganyifu?

Tuanze na ile kamari iliyokuwapo Uarabuni aya ziliposhuka. Maysir ilichezwa hivi: ngamia huchinjwa, nyama hugawanywa mafungu, kisha hupigwa kura kwa mishale kumi. Mishale saba ilikuwa na hisa, kuanzia 1 hadi 7, na mitatu ilikuwa mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu hakupata kitu, na bei ya ngamia ikamwangukia. Mishale ilitolewa na mtu asiyekuwa na hisa mchezoni, na kando yake aliwekwa mwangalizi. Wafasiri wanaeleza kwamba washindi hawakuila nyama ile bali waliwapa maskini, na asiyeshiriki alihesabiwa kuwa bahili.

Kwa hiyo palikuwa na msimamizi, uangalizi, hata sadaka. Ni bodi ya kamari kamili! Sasa fungua Al-Baqara aya ya 219: inakiri kwamba mna manufaa kwa watu, na kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Kisha Al-Maida, aya ya 90 na 91, zinaamuru kuiepuka na kutaja kinacholetwa nayo: uadui, chuki, na kuzuiwa na dhikri na swala. Wizi wa mwenye mchezo haukutajwa. Hoja ya swali letu inakatikia hapo.

Lakini serikali zinalinda nini hasa? Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Uganda, kwa sheria ya 2016, imekataza kamari kwa aliye chini ya miaka 25, yaani wengi wa rika letu. Kenya, Julai 2019, ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, ikaitaka Safaricom izifungie namba za malipo; ugomvi mkubwa ulikuwa kodi. Aprili 2025 ikasimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Kodi, umri, matangazo, ukaguzi wa mitambo: haya yana faida, wala Muislamu hana sababu ya kuyapinga, kwani kupunguza madhara ni jambo jema hata pale usipoweza kuyaondoa.

Ila mtambo uliopimwa ukaonekana safi bado unakula. Chukua mechi ambayo timu mbili zina nguvu sawa na hakuna sare, kila upande una odi ya 1.90. Wewe unaweka faranga 1,000 upande mmoja, mwenzako wa chumbani 1,000 upande wa pili. Mmoja wenu atapata 1,900. Mia moja imekwenda kwa kampuni, na hakuna aliyedanganywa. Ukiunganisha mechi kama hizo tano kwenye mkeka mmoja, wastani wa kinachorudi kwa kila 1,000 ni kama 774. Zikiwa kumi ni kama 599. Hesabu hii mkaguzi anaijua, na leseni inatolewa juu yake. Hata ile michezo ya ndege inayopaa kwenye simu, inayojitangaza kuwa matokeo yake yamefungwa kwa siri kabla ya kuanza, inathibitisha tu kwamba hayakubadilishwa baadaye. Asilimia ya mwenye mchezo iko palepale.

Na yule ndugu anayetuma kwenye kundi la WhatsApp kiungo cha kujiunga ili apate bonasi? Katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, aliyemwambia mwenzake tu waje wacheze kamari aliamrishwa atoe sadaka. Mwaliko peke yake, kabla hata ya kucheza.

Limebaki la fedha. Aliyezuiliwa pesa zake na kampuni amedhulumiwa, ana haki ya kudai alichoweka. Kucheza kwake hakukuhalalisha mali yake kwa wengine. Alichoshinda ni jambo jingine: mkataba wenyewe ni batili, na kwa wanavyuoni wengi mali hiyo hurudishwa kwa mwenyewe akijulikana. Asipojulikana, hutolewa kwa maskini au maslahi ya watu, kwa nia ya kujivua nayo, bila kutarajia thawabu za sadaka. Ada ya chuo hailipwi kwayo, isipokuwa mwenyewe ni fukara aliyetubu, na hapo amuulize sheikh wake kabla ya kugusa.