Gasketi ya Silinda Hedi: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kulipia Matengenezo ya Lori la Dizeli

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, malori ya Sapiwi na kata nyingine za Wilaya ya Bariadi huanza kubeba pamba mbegu kutoka maghala ya AMCOS kwenda vinu vya kuchambulia. Lori linalosimama gereji katika majuma hayo humpotezea mmiliki kipato kisichorudi hadi mwaka unaofuata, na aliyelinunua kwa mkopo huendelea kudaiwa. Ndiyo sababu wengi hukubali upesi neno la kwanza waambiwalo: gari limechemsha, gasketi imeungua, leta fedha. Huenda ni kweli. Lakini gasketi haiungui pasipo sababu, na mteja anayelipia gasketi bila kudai sababu itafutwe yumo hatarini kulipia gasketi ya pili kabla msimu haujaisha.

Gasketi hii ni bamba jembamba linalolazwa kati ya bloku ya injini na hedi. Hutenga vitu vitatu visikutane: moto ulio ndani ya silinda, maji ya kupoozea, na oili. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwasha mafuta kwa kuibana hewa hadi ibaki takriban sehemu moja kati ya 16 hadi 20 ya ujazo wake. Shinikizo hilo ni kubwa hata kwa injini iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani.

Lori lililoongezewa nguvu lina mzigo mwingine juu ya huo. Mara nyingi injini isiyokuwa na tabo hufungiwa tabo, au pampu ya nozeli hurekebishwa itoe mafuta mengi zaidi, huku springi zikiongezwa na bodi kurefushwa ili lori libebe kupita uwezo wake. Bolti za hedi hubaki zile zile, na rejeta hubaki ile ile. Moshi mweusi mzito mlimani, ambao baadhi ya madereva huusifu kuwa ni nguvu, ni mafuta yasiyoungua sawasawa, na ni dalili kwamba huenda joto ndani ya silinda linapita kiasi. Mmiliki anayebadilisha gasketi na kuiacha pampu katika hali hiyo hajatengeneza lori.

Sababu nyingine ni ndogo na za bei nafuu, nazo hupuuzwa. Mfuniko wa rejeta ni mojawapo. Simiyu iko juu zaidi ya Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi joto 96 hivi, si 100. Mfuniko wenye springi nzima huyabana maji yasichemke mapema. Uliolegea, au kitambaa kilichofungwa mahali pake, hauwezi. Kuhusu thamostati, mafundi wengi wataubishia ushauri huu: isiondolewe. Katika baadhi ya injini, thamostati ikitolewa njia ya mchepuko hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na injini iliyokusudiwa kupoozwa huchemka zaidi.

Dalili za gasketi iliyokufa ni maji kupungua ilhali hakuna panapovuja, mipira ya rejeta kuwa migumu dakika chache tu baada ya injini baridi kuwashwa, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, na oili kugeuka kama chai ya maziwa. Kipimo cha mapovu kifanywe injini ikiwa baridi kabisa. Mfuniko wa rejeta yenye moto usifunguliwe kamwe, kwa kuwa maji yanayoruka humwunguza mtu vibaya.

Hata hivyo, dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Katika malori yenye breki za upepo, kompresa mara nyingi hupoozwa kwa maji ya injini. Gasketi ndogo ya kompresa ikifa, upepo huingia kwenye maji na kuleta mapovu yale yale. Fundi makini huitenga kompresa na mzunguko wa maji, huwasha injini kwa muda mfupi bila mzigo, kisha hutazama rejeta tena. Vilevile, oili inayoelea kwenye rejeta yaweza kutoka katika kipooza oili kilichotoboka, hali gasketi ni nzima. Mteja ana haki ya kuuliza kama vipimo hivi vimefanyika kabla hedi haijafunguliwa.

Hedi ikishafunguliwa, ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji, na ipimwe nyufa kwa shinikizo la maji au hewa. Jicho halitoshi, kwa sababu kikomo cha kupinda kinachoruhusiwa na mtengenezaji ni sehemu ndogo ya milimita. Iliyopinda hupelekwa kwenye mashine ya kusawazisha, wala haisuguliwi kwa grainda. Kila hedi ina kimo ambacho haipaswi kupungua zaidi yake. Uso wa bloku nao upimwe. Matundu ya bolti yasafishwe yasibaki na maji wala oili, na bolti za aina inayorefuka zinapokazwa zisirudiwe. Ukazaji huanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa vipimo vya injini hiyo. Silikoni si mbadala wa gasketi.

Kabla ya kazi, mteja aombe makadirio ya maandishi yanayotenganisha ufundi, vipuri na mashine, pamoja na muda wa dhamana. Adai risiti ya kielektroniki, na vipuri vya zamani arudishiwe: gasketi iliyoungua huonyesha mahali ilipopasuka, nayo ni ushahidi mgogoro ukizuka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Muuzaji wa lori anayedai injini ni ya asili huku akijua imeongezewa tabo anaingia katika katazo hilo. Malalamiko, pamoja na yale ya vipuri bandia, hupokelewa na Tume ya Ushindani. Mlalamikaji afike na risiti, makadirio, picha na kipuri chenyewe.

Lori likitoka gereji, hewa yote itolewe kwenye mzunguko wa maji, na safari ya kwanza iwe bila mzigo, dereva akitazama geji ya joto. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kiwango cha maji kikaguliwe. Kikiwa kimeshuka, lori lirudishwe kwa fundi siku hiyo hiyo, kabla halijapakia pamba.