Mafunzo Niliyopata kwa Kununua Vitabu vya Kwenye Simu

Nafundisha sekondari hapa Ruaha, upande wa Kilosa, miwa kila utazamapo. Riwaya mpya huku hazifiki. Dukani utapata daftari, kalamu na vitabu vya kiada, basi. Ndiyo maana simu ilinipata kirahisi.

1. Bei unayoiona siyo utakayolipa. Imeandikwa dola 6. Igeuze iwe shilingi, ongeza makato ya kuweka pesa kwenye kadi ya mtandaoni, ongeza bando. Mara ya kwanza malipo yaligoma kwa kupungukiwa shilingi 300. Nikarudi kwa wakala na jua la saa nane.

2. Hakiazimiki. Hili ndilo liliniuma. Mwalimu wa hesabu alinikuta nacheka peke yangu ofisini, akaniambia, "Mwalimu, si unirushie na mimi?" Nimrushie vipi? Faili limefungwa kwenye akaunti yangu, kwake halifunguki. Kwa kuogopa kuonekana mchoyo, nikamwachia simu yenyewe Ijumaa hadi Jumapili. Mama alipopiga akapokelewa na sauti ngeni, akajua nimeshaibiwa au nimelazwa. Na kitabu chenyewe mwenzangu hakukimaliza: chaji iliisha, umeme nao ulikuwa umekatika.

3. Unalipia ruhusa ya kusoma, kitabu hubaki cha muuzaji. Masharti niliyasoma baada ya kitabu kimoja nilicholipia kutoweka kwenye orodha yangu. Nilipouliza, nilijibiwa kwa barua pepe ya kunishukuru kwa uvumilivu. Wenzangu walishayaona. Julai 2009 Amazon ilifuta kwenye Kindle za wateja nakala za Animal Farm na 1984 za George Orwell, kwa kuwa aliyeziingiza sokoni hakuwa na haki nazo. Pesa zilirudishwa, radhi ikaombwa. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Nako pesa zilirudi, na waliokuwa wameandika maelezo pembeni wakaongezewa dola 25.

4. Cha karatasi nacho hupotea, ila walau unamjua aliyenacho. Hiyohiyo Animal Farm ninayo kwa Kiswahili, Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Jalada lilishatoka, na miwa ikichomwa masizi huingia dirishani yakaganda kwenye kurasa. Iko kwa mwalimu wa hesabu tangu Juni. Nimeshamkumbusha mara mbili.