SOMO LA WIKI: Programu ya bei nafuu yaweza kugeuka deni

Mfanyabiashara anaponunua programu ya kompyuta ya hesabu, stoo au mishahara, kwa kawaida huuliza mambo mawili: bei yake na kazi inayofanya. Swali la tatu husahaulika: programu hiyo imeegemea nini? Yaliyotokea kwa Java kati ya 2017 na 2021 yanaonyesha kuwa swali hilo nalo lina bei.

Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, toleo la kwanza likitoka 1996. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle. Programu nyingi za benki, bima na makampuni makubwa duniani zimeandikwa kwa Java. Mtengenezaji wa programu haanzi kila kitu upya. Huchukua vipande vilivyo tayari katika maktaba ya Java.

Mbele ya kaunta na nyuma yake

Maktaba hiyo ina sehemu mbili, mithili ya duka la jumla. Mbele ya kaunta mteja anapewa bidhaa iliyotangazwa, na mwenye duka anasimamia ahadi yake. Nyuma ni stoo, ambayo mwenye duka huipanga apendavyo bila kumwarifu mtu. Mteja aliyezoea kupita mlango wa nyuma na kujichukulia gunia kwenye kona fulani hana wa kumlalamikia siku kona hiyo ikikutwa tupu.

Watengenezaji wa programu walionywa tangu miaka ya 1990 wasitumie sehemu za ndani za Java. Wengi walizitumia kwa sababu zilirahisisha kazi. Mfano ni Base64, njia ya kugeuza data kuwa herufi za kawaida ili isafiri kwa barua pepe. Java ya mwanzo haikuwa na chombo rasmi cha kazi hiyo, lakini stoo ilikuwa nacho, kwa jina la sun.misc.BASE64Encoder. Chombo rasmi, java.util.Base64, kilikuja na Java 8 mwaka 2014. Java 9 ilipotoka Septemba 2017, kile cha stoo kiliondolewa. Programu ambazo hazikurekebishwa zilikwama zilipofika hapo.

Machi 2021, Java 16 ilifunga kwa kawaida karibu stoo yote, ikibakiza swichi moja ya kuifungua. Septemba mwaka huohuo Java 17 iliiondoa nguvu swichi hiyo. Tangu hapo, anayetaka kupita lazima aombe ruhusa ya mlango mmoja mmoja.

Gharama inapoingia

Makampuni mengi yaliamua kubaki na Java 8. Uamuzi huo nao haukuwa wa bure. Kuanzia 2019 Oracle ilisitisha kutoa bila malipo marekebisho mapya ya Java 8 kwa matumizi ya biashara. Mwaka 2023 ilileta mkataba unaotoza kwa hesabu ya wafanyakazi wote wa kampuni, hata wasiogusa Java. Wapo wengine wanaotoa Java 8 bila malipo, na kuhamia kwao hupunguza bili. Lakini kasoro iliyo ndani ya programu inabaki palepale ikingoja fundi.

Mwenye programu kuukuu basi ana njia tatu: kulipa fundi airekebishe, kulipia toleo la zamani, au kukaa bila kinga dhidi ya wezi wa kompyuta. Ya tatu huonekana rahisi hadi siku ya hasara.

La kufanya kabla ya kulipa

Mnunuzi anaweza kumdai muuzaji ripoti ya jdeps, chombo kinachokuja na Java tangu toleo la 8, ambacho huorodhesha sehemu za ndani zinazoguswa na programu. Pia aandikishe katika mkataba nani atagharamia marekebisho toleo jipya likitoka, na kama atakabidhiwa maandishi ya asili ya programu. Bila maandishi hayo, muuzaji akifunga biashara hakuna fundi mwingine atakayeirekebisha kwa urahisi.

Kwa mwenye hisa, swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu ni fupi: mitambo ya kampuni inatumia toleo gani, na fungu la kuihamisha limetengwa? Kampuni isiyo na jibu huenda inaonyesha faida ambayo sehemu yake ni matengenezo yaliyoahirishwa.