Mtoto Mwenye Kisukari: Sindano au Pampu?

Mwezi huu tunajibu swali la mzazi ambaye mwanawe huchomwa sindano za insulini kila siku. Ndugu aliyeko Ulaya amemweleza habari za pampu ya insulini, naye anauliza: je, auze kiwanja ili ainunue?

Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho ndicho huwapata watoto wengi, hutokea kongosho linapoacha kutengeneza insulini. Hakiletwi na kula sukari nyingi, wala si uchawi. Zamani watoto hao walikuwa wakifa. Wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Mpaka leo hakuna mitishamba inayoshika nafasi ya dawa hiyo.

Pampu ni kifaa kidogo kinachovaliwa kiunoni. Kimrija chembamba huingia chini ya ngozi na kupitisha insulini kidogo kidogo, usiku na mchana. Wakati wa chakula mzazi hubonyeza ili iongezeke. Faida zake ni za kweli. Sindano hupungua, na hata mtoto mchanga aweza kupewa sehemu ndogo sana ya yuniti moja.

Lakini pampu haiponyi. Sukari lazima ifuatiliwe kila siku kama kawaida. Tena, pampu hutumia insulini ya haraka peke yake. Kimrija kikiziba usiku, mwilini hamna akiba. Baada ya saa chache mtoto huweza kuanza kutapika, kuhema kwa nguvu na hata kupoteza fahamu. Anayechomwa insulini ya kudumu muda mrefu huwa na akiba kidogo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzetu, usiuze kiwanja. Fedha uliyo nayo inunue kwanza insulini isiyokatika, na mashine ya kupimia sukari pamoja na vibanzi vyake. Mtoto anayechomwa vizuri hukua, husoma na hucheza mpira na wenzake. Badilisha mahali pa kuchoma, leo paja, kesho tumbo, kwa maana pakichomwa palepale siku zote hutokea kinundu na dawa haiingii sawasawa. Insulini isigande kwa barafu wala isikae karibu na bati. Asiye na friji aweke chupa ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, kisha kopo ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, kivulini.

Kosa kubwa tunaloliona ni kuacha sindano kwa sababu mtoto ana malaria na hali chakula. Homa yenyewe hupandisha sukari! Msimkatishe dawa, mpelekeni hospitali, kipimo kiamuliwe huko. Akitetemeka na kutoka jasho, huenda sukari imeshuka: apewe upesi maji yenye sukari nyingi. Aliyezimia asinyweshwe kitu, bali akimbizwe hospitali.

Na kama ndugu wa Ulaya ataitoa pampu bure? Mwulizeni kwanza nani ataleta vimrija. Hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3, yaani visivyopungua 10 kwa mwezi. Ulizeni pia hospitalini kama yupo wa kuwafundisha kuitumia. Majibu yakipatikana, ipokeeni kwa furaha, ila mabomba ya sindano na insulini ya akiba visiondoke nyumbani.