Mzazi Anapotawaliwa na Pombe: Njia ya Kumfikisha Kwenye Tiba

Aghalabu mzazi mlevi huhesabiwa kuwa mtu aliyekosa haya. Majirani humcheka, jamaa humkaripia, na watoto wake huona aibu kumtaja shuleni. Elimu ya tiba ina mtazamo mwingine: uraibu wa pombe ni ugonjwa unaotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, wenye dalili zinazojulikana na tiba inayojulikana. Makala haya yanaeleza jinsi pombe inavyoubadili ubongo, sababu ya ugonjwa huu kuandamana mara kwa mara na maradhi mengine ya akili, na hatua zinazoweza kumfikisha mzazi kwenye tiba pasipo kuyahatarisha maisha yake.

1. Pombe ndani ya ubongo

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Baadhi ya kemikali hizo huchochea kazi za seli, na nyingine huzituliza. Kichocheo kikuu ni glutamati, na kitulizo kikuu hujulikana kwa kifupi chake, GABA. Pombe huiongezea GABA nguvu na kuipunguzia glutamati; ndiyo maana mnywaji huanza kwa kulegea na huishia kwa kusinzia.

Mtu akinywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo hutafuta mizani mpya. Huitikia GABA kwa uzito na glutamati kwa wepesi. Tangu hapo kiasi cha jana hakimtoshi leo, na asubuhi isiyo na pombe humkuta mikono ikitetemeka. Hanywi tena kwa ajili ya furaha, bali hunywa ili atulie. Hali hiyo yafanana na gari linaloendeshwa breki zikiwa zimekanyagwa: dereva hana budi kukanyaga mafuta zaidi ili liende. Breki zikiachiliwa ghafla, gari huruka mbele bila kuzuilika.

2. Magonjwa mawili, mgonjwa mmoja

Wengi wenye uraibu wa pombe huwa pia na sonona, yaani huzuni nzito au kutopendezwa na jambo lolote kwa muda usiopungua wiki 2, pamoja na kukosa usingizi, uchovu na kujiona hana thamani. Mjane aweza kuanza kunywa ili apate usingizi. Pombe humlaza, lakini huuvuruga usingizi wenyewe na kuizidisha huzuni. Naye huongeza kinywaji. Hivyo kila ugonjwa huulisha mwenziwe.

Kwa sababu hiyo haifai kutibu mmoja na kuuacha mwingine. Daktari hupima yote mawili, na humpima tena mgonjwa wiki chache baada ya kuacha pombe, kwani kwa baadhi ya watu huzuni hupungua yenyewe kufikia wakati huo. Isipopungua, hutibiwa kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa njia zote mbili.

3. Hatari ya kuacha ghafla

Hapa ndipo upendo usio na maarifa uwezapo kuua. Kuna jamaa ambao kwa nia njema humfungia mgonjwa chumbani siku 3 ili "pombe imtoke". Kwa mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, yafuatayo yaweza kutokea, kuhesabu tangu kinywaji cha mwisho:

(a) Baada ya saa 6 hadi 24: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi.
(b) Kati ya saa 6 na 48: mishtuko mfano wa kifafa.
(c) Kati ya siku ya 2 na ya 4: kuweweseka, kuona vitu visivyokuwapo, homa na kuchanganyikiwa. Hali hii huweza kuua isipotibiwa.

Hospitalini mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza kama vile diazepamu, ambayo hupunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1. Upungufu wa vitamini hiyo huweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Dawa hizo za kutuliza zisitolewe nyumbani bila daktari, kwa kuwa zikichanganyika na pombe huweza kuzuia pumzi.

4. Kujua kiasi

Daktari atauliza, "Hunywa kiasi gani?" Yafaa familia iwe na jibu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Uzito wa mililita 1 ni gramu 0.79, kwa hiyo chupa hiyo ina takriban gramu 20. Ini la mtu mzima huondoa karibu gramu 7 au 8 kwa saa, wala kahawa au maji ya baridi hayaliharakishi. Nguvu ya gongo haiwezi kukadiriwa hivyo, kwa sababu kila mpishi hutoa kali yake.

Shirika la Afya Duniani limetunga maswali 10 ya kupima unywaji, yaliyotayarishwa kwa utafiti uliofanywa katika nchi 6, Kenya ikiwa mojawapo. Jumla ya alama ni 40. Alama 8 huonyesha unywaji wa hatari. Kuanzia 20, mtu yapasa achunguzwe kama ana uraibu.

5. Mahali pa kuanzia

Si lazima safari ianzie hospitali ya wagonjwa wa akili. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilijaribu, katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kuyatibu maradhi ya akili katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida. Hata leo mlango wa kwanza ni huo. Kutoka hapo mgonjwa hupelekwa hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ikibidi Muhimbili, Dar es Salaam, au Mirembe, Dodoma. Mwenye uraibu wa heroini hutibiwa kwa njia nyingine: Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011.

Mtoto hamwamrishi mzazi. Ni afadhali neno lipitie kwa shangazi, mjomba, baba mdogo au kiongozi wa dini anayeheshimiwa, asubuhi mzazi akiwa hajalewa. Lisiwe neno la lawama. "Tumeona hulali, na mikono inatetemeka, twende ukapimwe" husikika kuliko "Umetuaibisha." Akikataa, asubiriwe na aambiwe tena. Akipona kisha akarudia kunywa, hiyo ni tabia ya magonjwa ya kudumu, kama sukari inavyopanda tena. Arudishwe kwenye tiba.

Lakini mzazi akitamka kwamba anataka kufa, hakuna kusubiri. Asiachwe peke yake, dawa za wadudu na kamba ziondolewe, na afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

6. Wajibu wa mwalimu

Mwanafunzi wa namna hii hujulikana kwa kuchelewa, kusinzia darasani, au kuwa mlezi wa wadogo zake kabla ya wakati. Mwalimu amsikilize faraghani, asiitangaze siri yake, na amweleze mambo matatu: hakuusababisha ugonjwa huo, hawezi kuutibu peke yake, anaweza kumwambia mtu mzima mwenye uwezo wa kusaidia. Akipigwa au akikosa chakula, simu ya watoto namba 116 hupigwa bila malipo, Tanzania na Kenya.

Maswali

1. Eleza kwa nini mnywaji wa siku nyingi huhitaji pombe zaidi ili apate utulivu ule ule.
2. Mtu amekunywa chupa 4 za bia iliyotajwa hapo juu. Ini lake litahitaji takriban saa ngapi kuiondoa pombe hiyo?
3. Familia moja inataka kumfungia baba ndani ili aache pombe. Andika ushauri wako kwao, ukitaja dalili za hatari.
4. Jadilini: katika kijiji au mtaa wenu, ni nani anayeweza kuzungumza na mzazi mgonjwa akasikilizwa?