Kuotesha violeti ya Usambara pwani

Violeti ya Usambara ni mmea mdogo wa kudumu, wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau yenye kitovu cha manjano. Kwao ni Tanga na milima iliyo nyuma yake. Mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyeipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaiita Saintpaulia ionantha. Mwaka huohuo mkonge ukaingia Tanga kutoka Florida. Mgeni akageuka nembo ya mkoa. Mwenyeji akapata jina madirishani mwa Ulaya.

Porini huota kwenye miamba yenye kivuli, mizizi ikishika mboji kiduchu nyufani. Kwa hiyo chungu kiwe kidogo, chenye tundu chini, na udongo uwe mwepesi: mboji ya majani, mchanga wa mtoni na nyuzi za makumbi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni hubeba chumvi, hivyo yasuuzwe mara kadhaa kwanza. Maji ya visima vya pwani nayo mara nyingi yana chumvi; ya mvua ni bora.

Maji hutiwa kwenye kisahani, si juu ya majani. Maji ya baridi yakidondokea jani huacha mabaka meupe yasiyofutika, na yakituama katikati ya mmea, moyo wake huoza. Baada ya nusu saa yaliyobaki kisahanini yamwagwe. Kisha isinyweshwe tena mpaka udongo wa juu ukauke. Mahali pazuri ni barazani, penye mwanga lakini pasipo jua kali. Wakati wa kaskazi, joto likipita nyuzi 30, maua hupungua, na mbolea haisaidii kitu.

Kuizalisha hakuhitaji mbegu, wala kung'oa mimea ya porini, ambayo inazidi kuadimika misitu inapokatwa. Jani moja la jirani linatosha. Kikonyo hukatwa mshazari, kikabaki sentimita 3 hivi, kikachomekwa kwenye mchanga wenye unyevu na kufunikwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Baada ya miezi miwili au mitatu vichipukizi hutokeza shinani, navyo hutenganishwa vikishapata majani yao manne au matano.

Vidung'ata, wanaoonekana kama pamba kwenye vikonyo, hupanguswa kwa kitambaa chenye spiriti. Majani ya chini yanapozeeka na kuondolewa, shingo hubaki wazi. Mmea uhamishwe na shingo ifukiwe, itaota mizizi mipya.