ORDINATERI INAYOKWAMA BILA KUTOA TAARIFA

Katika ukurasa huu wa mafunzo nataka tujifunze jambo linalotusumbua tangu mwaka wa masomo uanze: ile ordinateri ya ofisini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita kompyuta, inakwama. Mtu anaandika vizuri, mara mshale hausogei tena, herufi hazitoki, na saa iliyo pembeni ya ekra imesimama. Si kila siku, tena si saa moja. Na mnajua ndani yake kuko nini: alama zetu zote, pamoja na orodha ya sisi wafinalisti wa Exetat. Jina likipotea pale, mtu anaweza kupoteza mwaka.

Wengine wamesema ni virusi. Wengine, nisiwataje, wamesema imerogwa. Ugonjwa unaokuja na kuondoka ni mgumu kuliko ule unaokaa, kwa sababu ukigusa kitu leo na mashini ikatulia, utafikiri umeiponya, kumbe ilikuwa itulie yenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kufungua sanduku. Ni kuchukua daftari na kuandika: tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na kama umeme ulikuwa wa waya, wa jenereta au wa jua. Tulifanya hivyo majuma mawili. Asubuhi ilikwama mara moja tu. Kati ya saa sita na saa tisa mchana, mara saba.

Jambo la pili: tambua ni nani amekwama. Ukiona ekra imesimama, bonyeza kile kitufe cha klavye kinachowasha taa ndogo ya tarakimu. Taa ikibadilika, mashini ingali hai, ni programu moja tu inayong'ang'ania. Bonyeza Ctrl, Alt na Suppr kwa pamoja uifunge. Taa isipobadilika, basi yote imekufa kwa muda huo. Hapo hakuna njia ila kushikilia kitufe cha kuwasha mpaka izimike. Lakini hiyo ni kama kumwamsha mtu kwa kumpiga: disiki ikiwa katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Ndiyo maana kabla ya matengenezo yoyote tulinakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja ikakaa kwa Prefe wa masomo.

Sasa, juu ya nini mchana? Joto. Sisi tuko katika Bonde la Ruzizi, si Bukavu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi. Ukishuka kwa Kamanyola unasikia mwenyewe ngozi inavyobadilika. Prosesa inafanya kazi na inatoa moto, ventilateri inauondoa. Lakini kiangazi, Juni mpaka Agosti, vumbi linaingia na kuziba mapezi ya chuma yaliyo juu ya prosesa, kama blanketi. Prosesa za siku hizi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza mwendo, na zikizidi hujizima.

Basi tukachomoa waya, tukabonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki uishe, tukagusa chuma cha sanduku ili mwili usipeleke cheche. Vumbi tulitoa kwa brosi kavu ya mpaka rangi, huku kidole kikizuia ventilateri isizunguke. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Tena lile sanduku dogo ambamo waya wa umeme unaingilia usilifungue kamwe. Linaweza kukupiga hata kama limechomolewa.

Ilikuwa nafuu, lakini haikupona. Ilikwama mara mbili juma lililofuata. Maana yake joto lilikuwa linauamsha ugonjwa, na ugonjwa wenyewe uko mahali pengine.

Hapo tukatumia Memtest86, programu ya kupima kumbukumbu iliyoanza mwaka 1994. Inawashwa kutoka flashi, Windows ikiwa bado imelala. Huo ndio uzuri wake: kosa likitokea hapo, Windows na virusi hawana hatia. Tuliiacha usiku kucha, asubuhi tukakuta mistari myekundu ya makosa.

Mashini iko na vipande viwili vya kumbukumbu, tuviite A na B, na matundu mawili. Tulifuta meno yake ya dhahabu kwa gome ya daftari, makosa yakabaki. Basi A peke yake katika tundu la kwanza: salama. B peke yake katika tundu lilelile: makosa. Tukapeleka A katika tundu la pili: salama. Kosa linamfuata B, halikai kwenye tundu. Kama lingekaa kwenye tundu, bao kubwa la ndani ndilo lingekuwa bovu, na hiyo ni gharama nyingine. Angalieni: kila mara tulibadilisha kitu kimoja tu. Mtu anayebadilisha vitatu mbio mbio hatajua kilichoponya.

Kwa mashini kuukuu zinazotoka Ulaya, angalia pia yale mapipa madogo, kondensateri. Nyingi za miaka ya 2000 hivi zilikuwa na maji mabaya ndani, zikavimba kichwani na kuvuja. Hizo ni za alumini. Kuna aina nyingine ya tantale, madini yanayopatikana katika koltani ya hapa kwetu Kivu. Huenda mlima wetu uko ndani ya lile sanduku.

Na taa za nyumba zikififia kila mara mashini inapokwama, usihangaike na kumbukumbu: pima voti kwanza. Ikiwa ziko chini sana ya 220, unahitaji stabilizateri.

Sasa tunatumia kipande A peke yake. Mashini ni nzito, faili kubwa zinachelewa kufunguka, lakini tangu hapo haijakwama. Daftari lingali kando ya klavye. Anayeiona imesimama aandike saa kabla ya kugusa chochote.